Nilichomwandikia Daktari Wako

Maitu,

Ninakuandikia kutoka Muthangari, jikoni kwa watu, saa nane mchana. Ba, yule bibi wa Kihindi ninayemtunza, amekula nusu ya khichdi yake, ule wali wao wa dengu, nusu ameimwaga kwenye kitambaa, sasa amelala. Nina kama saa moja hivi kabla hajaitisha chai. Karatasi hii nimeichana nyuma ya daftari langu la Kiingereza, lile la jalada la kijani ulilokuwa ukilishika juu chini ukinitahini. Usiniulize kwa nini sikuandika mapema. Miezi mitano nimekuwa nikiandika "Maitu" halafu naishia hapo hapo.

Hata hilo "Maitu" lilikuwa letu sote wawili. Mimi ni binti yako wa pili, kwa hivyo ulinipa jina la mama yako, ukawa unaniita mama nami nakuita mama, na mgeni akiingia anabaki kutuangalia asijue nani alimzaa mwenzake. Siku hizi hakuna anayeniita hivyo. Kazini ni Wairimu, darasani ni Wairimu wa nyuma pale.

Habari za nyumbani Kabiria si nzuri na sitazipaka asali. Sungura wako, mwanao Kamau amewagawa wote, hata yule mwenye sikio lililoraruka uliyesema haendi popote. Kwenye kibanda chao sasa kuna matairi mabovu. Sukuma wiki imekauka, hakuna wa kuimwagilia. Yeye mwenyewe anakula mkate na chai asubuhi, mchana na jioni, maana Shiru hayupo. Ndiyo, Shiru, mke wake, Mama Brayo kama ulivyopenda kumwita. Yuko kwao Uthiru na mtoto. Hakwenda kwa kupenda kwake, alifukuzwa. Na mimi nilikuwa nimeketi kwenye kochi alipokuwa akifukuzwa, nikikunja leso za matanga, nimetulia tuli kama maji mtungini.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lakini lazima nianzie darasani, maana bila darasa hutaelewa.

Darasa langu ulilijua kwa masimulizi tu: ghorofa ya tatu, River Road, juu ya duka la mabegi, Jumamosi asubuhi. Tuko kumi na watatu, karibu sote tunatunza wazee au watoto wa watu, na sote tunataka ule mtihani wa Kiingereza utakaotuwezesha kwenda ng'ambo kutunza wazee wengine. Mwalimu Otieno hufundisha amesimama, sijawahi kumwona akikaa. Muhula ule alikuwa ametushikilia na jambo moja, vitenzi vinavyofuatwa na "to" na vile vinavyofuatwa na "ing". Kwetu hiyo tofauti hakuna. Kula, kulala, kuosha, kuacha, "ku" moja inabeba mizigo yote, na Kikuyu chetu ni vivyo hivyo. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alitufundisha kwamba "ku" ni "to", kwisha, nikaishi na hiyo karibu miaka thelathini bila kusumbuliwa na mtu. Kumbe Waingereza wanasema "want to eat" lakini "enjoy eating". Tulipouliza sababu, Mwalimu Otieno alisema sababu hakuna, ni kukariri.

Basi tukakariri, wewe na mimi. Wewe kwenye kigoda ukichambua maharagwe, daftari juu ya paja, na husomi hata neno moja lililomo. Unasema, "Kupenda kupika." Nasema, "Enjoy cooking." Hukuwa ukiangalia daftari, ulikuwa ukiniangalia uso, na nikisita kidogo tu unajua nimekosa. "Rudia, maitu. Hiyo umeisema na woga." Otieno hakukufikia kwa ukali. Siku moja ulicheka mpaka maharagwe yakamwagika, ukasema hawa watu kila kitu ni ing, ing, ing, kama mbu aliyeingia sikioni. Nami nikakwambia mbu huyo ndiye atakayenipandisha ndege. Siku hiyo tulichelewa kupika na hakuna aliyelalamika.

Ni kwenye kigoda hicho hicho uliponionyesha miguu. Ulibonyeza kidole gumba juu ya kifundo, pakaingia shimo, shimo likakaa. Ukasema, "Hii dawa ya presha ndio inanifurisha. Nimeachana nayo." Ilikuwa wiki ya pili. Kila asubuhi Shiru alikuwa akikuletea tembe na uji, anasimama hapo mpaka umeze, nawe unaificha shavuni, akigeuka unaitema kiganjani. Ulinisimulia ukijivuna kama mtoto aliyekwepa sindano. "Lakini usiambie Mama Brayo. Atapiga kelele, na ako na kazi mingi." Nami nikacheka. Hilo sitalisahau, kwamba nilicheka. Mimi ambaye kila asubuhi humfungulia Ba mdomo nikaangalia chini ya ulimi kuhakikisha tembe imeshuka.

Nilikwambia lazima daktari ajue. Ukasema yule kijana anazungumza mbio, anakufanya usahau ulichoendea. Kliniki yako ilikuwa Jumanne, nami ruhusa sikupata kwa sababu mkaza mwana wa Ba alikuwa safarini. Nikasema basi nitamwandikia barua uende nayo.

Maitu, ningeandika kwa Kiswahili. Daktari yule ni wa hapa hapa, Kiswahili anakijua kuliko mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu aone kwamba huyu mama wa miguu iliyofura, anayekuja na kofia ya kufuma na viatu vya plastiki, ana binti aliyesoma. Nikachana ukurasa, nikaandika kwa mwandiko wa kujipinda, mistari miwili. Wa kwanza nilijivunia sana: "My mother stopped to take the tablets every morning." Moyoni nilikuwa nimesema, mama ameacha kunywa zile tembe za kila asubuhi. Acha, kunywa, "stop", "to take". Wa pili: "Her legs are swelling." Nikatia ndani ya bahasha, nikaibandika kwa gundi ili Shiru asisome njiani akajua siri yetu. Shiru aliyemaliza kidato cha nne na alama nzuri ya Kiingereza. Angeisoma angecheka, halafu angeuliza.

Ulinipigia simu Jumanne hiyo mchana. Shiru alikuwa amekaa nje kwenye benchi, wewe ukaingia peke yako, ukampa bahasha, akaisoma, akaitikia kwa kichwa. "Amesema binti yangu anaandika vizuri." Uliirudia mara mbili hiyo. Nikakuuliza kama amebadilisha dawa, ukasema amekupa zingine. Zingine! Sikuuliza jina lake, wala rangi, wala ni ngapi. Nilikuwa nimevimba kichwa, natembea humu jikoni kama nimeshinda uchaguzi. Sijui kama daktari alikuuliza lolote. Nakujua, angekuuliza chochote ungesema "ndio daktari" ili utoke haraka.

Wiki tatu baadaye ulianguka kwenye kibanda cha sungura, asubuhi, majani ya sukuma mkononi. Shiru na jirani ndio waliokubeba. Nilipofika hospitalini upande mmoja wa uso wako ulikuwa umelegea. Ulinitazama ukitaka kusema kitu, mdomo ukakataa. Siku mbili. Hizo siku mbili sitaziandika.

Tulikuzika Gikambura, kando ya Baba. Siku ya nne baada ya mazishi Kamau akawa anatafuta kitambulisho chako, akafungua mkebe wako wa vifungo. Tembe zilijaa, nyingine zimegandana kwa mate. Alimwita Shiru sebuleni. "Ulikuwa unampatia ama ulikuwa unatuficha?" Shiru akaapa kwamba alikuwa akikupa kwa mkono wake, kila asubuhi, anasimama hapo. Kamau hakutaka kusikia. "Siwezi kula tena kwa mkono ilinyima mamangu dawa." Alisema hivyo mbele ya tata, shangazi yetu, mbele ya Brayo mwenye miaka sita. Shiru aligeuka akanitazama mimi. Alijua wewe na mimi hatufichani kitu. Alinitazama muda mrefu, akiningoja.

Ndipo ninaposema nilikuwa nikikunja leso.

Unataka kujua kwa nini. Nilijiambia mimi nimefanya langu, nimemwandikia daktari, kama kuna mwenye makosa ni yeye. Nilijiambia Kamau ana hasira za msiba, zitashuka, nitasema zikishuka. Nilijiambia nikisema ulikuwa ukitema dawa nitakuwa nimekuaibisha wewe, na marehemu hasemwi. Sababu hazikosekani, Maitu. Mtu akitaka kunyamaza anapata sababu za kujaza gunia.

Kesho yake nikachukua kitabu chako cha kliniki kisirisiri. Barua yangu ilikuwa humo, imebanwa kwa stepla kwenye ukurasa wa mwisho. Chini yake daktari alikuwa ameandika kwamba binti anathibitisha mama anakunywa tembe kila asubuhi, presha bado iko juu, kwa hivyo ziongezwe ziwe mbili. Dawa ni ile ile. Kumbe ndizo hizo zilizokuwa zimejaa mkebeni, Shiru akileta mbili, wewe ukitema mbili. Nilimlaani daktari yule kwa lugha tatu. Nilisema barua yangu aliisoma amelala. Nilikuwa karibu kwenda nikamtupie kitabu usoni mbele ya wagonjwa wake, na laiti ningeenda, angenifungua macho mapema.

Nilikaa miezi miwili bila kurudi darasani. Niliporudi, Mwalimu Otieno alinipa pole, akasema tuendelee, mtihani haungoji mtu. Akageukia ubao akaandika sentensi mbili, moja juu ya nyingine. "The man stopped smoking." Chini yake, "The man stopped to smoke." Akaniuliza mimi, labda ili nichangamke. "Wairimu, huyu wa kwanza anavuta ama ameacha?" Nikasema ameacha. "Na huyu wa pili?" Nikasema naye ameacha, si ni kitu kimoja? Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Hapana. Wa kwanza ameacha sigara kabisa. Huyu wa pili alikuwa anatembea, akasimama, akatoa kiberiti. Sasa anavuta. Moshi si huo?"

Nilitazama ubao na sikuona mwanamume wala sigara. Niliona mwandiko wangu mzuri. Nilikuona wewe ukisimama kila asubuhi kunywa tembe, kama nilivyomwambia daktari kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi, vijana wa duka la mabegi wakinipita na marobota kichwani, mmoja akaniuliza, "Sasa siste, uko sawa?" Daktari hakuwa amelala, Maitu. Alisoma vizuri kabisa. Alisoma nilichoandika.

Unisamehe, kalamu imekwama hapo, nimeenda kumwangalia Ba.

Nikuambie jambo lingine ambalo limenila zaidi. Mwezi uliopita Ba naye alifura miguu. Dawa ya presha, kama wewe. Mkaza mwana wake alimwambia daktari wao kwa simu, maneno mawili matatu, na jioni ile ile dawa ikabadilishwa. Zipo nyingine zisizofurisha. Zilikuwepo siku zote. Baada ya wiki miguu ilikuwa imeshuka, nami ndiye niliyemvisha viatu, vikaingia. Niliviangalia vile viatu nikataka kuvitupa dirishani, halafu nikaona haya, maana Ba hana kosa.

Mwalimu Otieno nilimweleza baadaye, tukiwa wawili. Alivua miwani akaifuta. Akasema kosa hilo hulifanya kila mtu, amelisahihisha kwenye madaftari mpaka amechoka, na kwamba lugha yenyewe si yetu. Nilimshukuru. Ni mtu mwema. Ila kosa la "to" nililifanya bila kujua, na kwa hilo naweza kulia nikapumzika. Lile la kwenye kochi nililifanya nikijua. Hilo halina mwalimu wa kulisahihisha, na ndilo linalonifanya nile nusu sahani kama Ba.

Mtihani nilifanya. Kulikuwa na swali la "stop", chagua moja kati ya mbili, na nililijibu kabla sijamaliza kulisoma. Katika chumba kile hakuna aliyelijua kuliko mimi. Nimefaulu, Maitu. Karatasi zimekubaliwa, kazi ipo, naondoka mwezi ujao. Nilipopata ujumbe huo nilichukua simu nikupigie, jina lako bado liko juu kabisa, nikaliangalia mpaka kioo kikazima.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa nilikwenda Uthiru. Shiru alikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake akimenya viazi. Brayo alinisalimia kwa mkono kama mgeni, akaenda zake. Nilimwambia Shiru yote, bila kuruka. Miguu, kutema, siri, barua, gundi, nilichotaka kuandika na nilichoandika. Aliendelea kumenya, ganda refu moja, halafu lingine. Nikadhani hanisikii. Kisha akasema, "Hiyo bahasha niliishika na mkono yangu, Wairimu. Kutoka nyumbani mpaka kliniki. Alikuwa amechoka nikamshikia." Akaweka kisu chini. "Na nilikuwa najua unajua. Ile siku nilikuangalia."

Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza. "Sasa unaniambia mimi ndio nifanye nini? Mimi najua sikumnyima. Enda uambie Kamau."

Hakulia, hakunitukana, hakusema amenisamehe. Chai aliniletea, kwa sababu yako, nina hakika, maana jina lako alilitaja akiimimina. Ulikunywa uji wa mkono ule miaka saba. Nilikunywa hiyo chai yote.

Nimefikiria kuondoka kwanza, niwaandikie nikiwa huko. Barua nyingine! Unaweza kucheka, Maitu, mimi mwenyewe nilicheka, kicheko kibaya. Nimefikiria kumwambia Kamau kwa simu, nikate kabla hajajibu. Nimefikiria kumtuma tata. Naogopa. Kamau ni ndugu yangu wa pekee hapa mjini, na hasira yake unaijua, uliizaa wewe. Anaweza kuniambia aliyomwambia Shiru na zaidi. Naweza kwenda uwanja wa ndege na mkoba wangu peke yangu, bila hata mmoja wa kunisindikiza, na nirudi miaka ijayo nikute mlango umefungwa. Ningependa kukwambia kwamba siogopi, lakini wewe hata kwenye daftari ulikuwa ukiniona.

Jumamosi hii darasa halipo. Tunakutana Gikambura kukuwekea msalaba. Kamau atakuwepo, tata, dada kutoka Nakuru, watu wa kanisa. Shiru hakualikwa. Nimemwomba aje hata hivyo, asimame hata kwenye ua wa jirani. Aje asije, sitangoja maombi yaishe watu wakaanza kula. Nitasema kwa Kikuyu, polepole, kwamba Shiru alikupa dawa kila asubuhi ya Mungu, kwamba wewe ndiye uliyezitema, na usinikasirikie kwa kukusema. Nitasema kwamba katika nyumba nzima uliniambia mimi tu. Barua nitaitoa, nimsomee Kamau mstari ule na kumweleza maana yake, aone nilivyomwambia daktari kinyume.

Lala salama, Maitu. Udongo usikulemee. Sina zawadi ya kukuletea, nina hii ahadi tu, na nimeiandika kwa lugha ninayoijua ili isije ikasomwa vingine. Kamau ataniuliza swali moja, namfahamu. Hataniuliza habari ya "to" wala ya "ing". Ataniuliza, "Na siku ile namfukuza, ulikuwa unajua?"

Nitamwambia nilikuwa najua.

Wairimu